Mita sitini zilizopimwa maji yakiwa yamekupwa

Ushongo, Pangani
4 Aprili 2025

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NYUMBA NAMBA 7, USHONGO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Desemba nilimaliza awamu ya mwisho ya malipo, na karibu kiinua mgongo changu chote cha ualimu kiliishia hapo. Tangazo lenu lilisema pwani tulivu isiyoharibiwa. Hilo sibishi. Ukishavuka Mto Pangani kwa pantoni, kelele unaziacha ng'ambo.

Ninachobishia ni kipimo. Siku ya Idi, saa kumi alasiri, maji makubwa ya bamvua yamejaa, nilitoka barazani nikahesabu hatua hadi kwenye maji: 26. Mchoro wenu unaonyesha mita 62. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga ngalawa yake alicheka nilipomwuliza. Wapimaji wenu, alisema, walikuja saa nne asubuhi, maji yamekupwa, wakaanzia kule chini kwenye mchanga mbichi. "Walikupimia na kaa humo humo, mwalimu."

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nikiamriwa kubomoa, risiti yenu itanifaa nini?

Halafu mkakata mivinje yote ya mbele eti bahari ionekane vizuri. Inaonekana kweli, na inazidi kusogea. Mnazi mmoja uliobaki mizizi yake iko nje. Napitisha mkono chini yake hadi kwenye kiwiko. Uzio mliouweka kwenye njia ya wavuvi nao sikuuomba, lakini lawama nabeba mimi. Siku hizi nikitoa salamu, wengine wanaitikia huku wanatazama pembeni.

Naomba mje kupima upya bamvua la katikati ya mwezi huu, maji yakiwa yamejaa, mbele yangu, mtendaji wa kijiji na afisa ardhi wa wilaya. Nyumba ikionekana imo ndani ya mita 60, nirudishiwe fedha zote. Msinipe nyumba nyingine ya mradi huo huo. Uzio uondolewe sasa, hauhitaji kupimwa.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipofika, nakala ya barua hii na picha nilizopiga siku ya Idi nitazipeleka NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Wenu,
Mnunuzi, nyumba namba 7