Barua ya wazi kwa Afisa Mifugo: sindano ya joto inatutupia mimba

Kwa Afisa Mifugo wa Wilaya,
Nachingwea, Lindi.

Assalaam aleikum, na shikamoo mzee.

Nakuandikia hadharani kwa sababu haya si ya zizi langu peke yake. Mwezi Februari alipita kijijini kwetu mtu na boksi la dawa, akasema ana sindano ya kuwaingiza kondoo kwenye joto, yaani kutaka dume, kwa pamoja ili wazae msimu mmoja. Nikamkubalia. Akachoma majike saba bila kuuliza dume aliingia lini zizini. Siku ya tatu alfajiri nilimkuta jike mmoja kajitenga, mkia umelowa damu, chini yake kijusi kisichozidi kidole changu cha mwisho, miguu yote minne inaonekana. Hadi jioni ya siku iliyofuata walikuwa wametupa wanne.

Watatu waliobaki walikuwa na mimba kubwa, na wote wamezaa salama. Ila mbuzi wa jirani, mwenye mimba ya miezi mitatu, aliyechomwa siku hiyohiyo, naye akatupa. Tofauti hiyo ilinikosesha usingizi mpaka daktari wa mifugo aliponieleza.

Yai likishatoka kwenye ovari, pale lilipotoka huota kivimbe cha njano. Hicho ndicho kinachotoa projesteroni, homoni inayoutuliza mfuko wa uzazi na kuzuia joto lisirudi. Jike asiposhika mimba, kwenye siku ya 14 au 15 tangu joto mfuko wenyewe hutoa prostaglandini, kivimbe kinakufa, na kwenye siku ya 17 anataka dume tena. Akishika, kijusi kichanga, ambacho bado hata hakijajishika vizuri, hutoa protini iitwayo interferoni tau kuuzuia mfuko usikiue kivimbe. Nilipolisikia hilo nilishangaa sana: mtoto anajiombea uhai kabla mchungaji hajajua kama yupo.

Kati ya siku ya 50 na 60 hivi ya mimba, kondo la nyuma la kondoo hutoa lenyewe projesteroni ya kutosha, ovari haitegemewi tena. Mbuzi hana bahati hiyo. Yeye hukitegemea kivimbe hadi siku ya kuzaa. Na sindano ile, mzee, ni prostaglandini.

Kondoo hapimwi mimba kwa mkono kama ng'ombe, ni mdogo. Mashine ya picha huiona mimba kuanzia mwezi mmoja hivi, nasi tukiwa nayo hata moja wilayani, ikazungushwa vijijini kwa zamu, tutachangia gharama. Lakini hata kabla ya mashine, naomba utoe agizo: asichomwe jike yeyote dawa hii mpaka mtaalamu ajue dume aliingia lini, na mchomaji aache jina na tarehe kwa mwenye mifugo. Maafisa ugani walitangaze mnadani. Tangu wenzetu wafugaji walipohamia mkoani kutoka bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007, mnadani ndipo tunapokutana wote.

Kuna hili pia, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Dawa hiyo hupenya ngozi, na ni hatari kwa mjamzito na kwa mwenye pumu. Siku ile aliyewashikilia kondoo ni binti yangu, mikono mitupu. Hakuwa mjamzito, alhamdulillahi. Mtu yule hakumuuliza.

Nasubiri jibu lako.

Mfugaji, Nachingwea