Mpime mtoto kabla ya safari

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mwenzio na kwa wajukuu zangu. Huku hatujambo. Mguu wa baba yako unaendelea vizuri, isipokuwa asubuhi.

Tangu tulipoongea juzi kuhusu safari yenu ya bustani ya michezo, ile yenye treni za kupanda juu na kuporomoka, sijatulia, na ni kwa neno moja ulilolitupa mwishoni ukiwa unataka kukata simu: "Mdogo naye atapanda, mama. Urefu wake ukipungua kidogo nitajua la kufanya." Utajua kufanya nini? Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungecheka tu, tukahamia mengine.

Mpime nyumbani. Mpime leo usiku, usingoje wiki ya safari. Avue viatu, visigino na mgongo viguse ukuta, umwekee kitabu kigumu kichwani, ulaze nywele zake, kisha upige mstari wa penseli chini ya kitabu. Na umpime jioni, si asubuhi. Mtu akishinda kutwa amesimama, mgongo hujibana na urefu hupungua, hata sentimita nzima. Mtoto aliyefika kipimo kwa kubahatisha wakati wa kuamka anaweza asikifike saa tisa alasiri, akiwa keshachoka na foleni.

Kwenye tovuti ya bustani kila mashine ya kupanda imeandikiwa urefu ambao mtoto anatakiwa awe nao. Treni nyingi za familia huanzia sentimita 102, nyingine 112 au 122, na zile kali kabisa hufika 132 hata 137. Ziandike namba hizo kando ya orodha yako, halafu futa zote asizofika. Zifute mbele yake, akiona. Kama ni kulia, alilie hapo sebuleni, ambapo kuna kitanda na kuna bibi kwenye simu. Asilie baada ya kusimama saa nzima.

Habari za siku ile tulipokupeleka wewe bustanini ukiwa mdogo sizirudii, unazijua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyebebwa kupitia kile kilango cha pembeni watu wote wa foleni wakikutazama. Nasema tu kwamba magazeti yale hayakujikunja yenyewe ndani ya viatu vyako. Na yule kijana mwenye fimbo ya kupimia, niliyemsema miaka yote hii kwamba ana roho mbaya, alikuwa anafanya kazi yake. Kile chuma kinachoshuka mapajani hakijui umri wa mtoto wala machozi yake. Kimetengenezwa kushika mwili wa ukubwa fulani. Treni ikifika juu na kuanza kuporomoka, mwili huinuka kitini, na aliye mdogo kuliko kipimo huwa na nafasi ya kuchomoka. Hilo sikulijua wakati ule, au sikutaka kulijua kwa kuwa nilikuwa nimeshalipa.

Orodha yako nimeiona, nikamwonyesha na baba yako. Kusema kweli umenifurahisha. Umechagua siku ya katikati ya wiki, shule zikiwa hazijafungwa, na umejibana mwaka mzima bila kukopa kwa mtu. Lakini mbona umeandika mtafika saa nne? Tangu utotoni wewe na saa hamjapatana. Geti likifunguliwa saa tatu, muwe mmesimama pale saa mbili na nusu, tiketi ziko kwenye simu na simu imejaa chaji. Mkishaingia msisimame kwenye mashine ya kwanza iliyo karibu na geti, kila mtu husimama hapo. Nendeni moja kwa moja kwenye ile yenye foleni ndefu kuliko zote. Katika saa hiyo ya kwanza mtapanda mbili au tatu ambazo mchana zingewala nusu siku.

Foleni nayo usiipime kwa macho. Hebu fikiria treni inayobeba watu 24 na kuondoka kila dakika. Kwa saa moja imechukua watu 1,440, kwa hiyo ukikuta watu 720 mbele yako, utakata tamaa kwa wingi wao, kumbe ni nusu saa tu. Mashine nyingine inabeba watu wanne kila nusu dakika, yaani watu 480 kwa saa. Hapo watu 240 peke yao ni nusu saa ileile, ingawa foleni inaonekana fupi na inakuvutia. Na kama njia ina treni mbili wakaiondoa moja, watu wanaopanda hupungua karibu nusu na foleni imebaki palepale. Kwa hiyo tazama wanaoondoka, usitazame waliosimama. Ubao wa dakika pale mlangoni ni makadirio, na mara nyingi huongezwa kidogo ili watu wasinung'unike.

Kuhusu pasi za kupita foleni ya haraka, soma masharti vizuri. Ulisema ni za bure, lakini nadhani unakumbuka mambo ya zamani. Disney, wale wenye bustani kubwa za Marekani, walipoanzisha pasi yao ya FastPass mwaka 1999 haikuwa na malipo ya ziada. Mwaka 2021 wakaja na Lightning Lane, ya kulipia. Kama hiyo bustani yenu nao wanatoza, nunua kwa ile mashine moja ambayo binti anaiota usiku, nyingine msimame kama watu wengine. Na kabla hujalipa, umeshampima mdogo? Usije ukanunua pasi nne watu watatu wakapanda.

Tena mlangoni mwa kila mashine kubwa uliza utaratibu wa wazazi kupokezana. Bustani nyingi wanao: mmoja wenu anapanda na binti, mwingine anabaki na mdogo, kisha mnabadilishana bila aliyebaki kuanza foleni upya. Ila anayebaki asimweke mtoto palepale akawatazama wenzake wakipiga kelele huko juu. Ampeleke kwenye farasi wa kuzunguka, au akamnunulie kitu anacholamba taratibu. Mimi nilikuwa nakuambia "subiri" tu, basi. Sikufikiri kwamba mtoto naye ana siku yake.

Bebeni maji, kama wanaruhusu kuingia nayo. Hata Disneyland, bustani ya kwanza ya hao Disney, ilipofunguliwa Julai 17, 1955, jua kali na watu wengi kuliko waliotarajiwa, wageni walihangaika kutafuta pa kunywa. Radi ikinguruma, treni za nje husimamishwa. Msigombane na wahudumu, ingieni mahali penye paa mle chakula.

Usiku, aliyeingia foleni kabla ya saa ya kufunga kwa kawaida hupandishwa. Lakini mwangalie mdogo. Akianza kusugua macho, mrudi, hata kama orodha haijaisha.

Na sentimita moja ikipungua, mwanangu, imepungua. Usiongeze soksi, usimfunge nywele fundo juu, usimwambie ajinyooshe kwa vidole. Mwambie tu kwamba mwaka ujao yupo, na mashine ipo. Nakuomba unijibu kwa namba: "Mama, ni sentimita kadhaa." Usinijibu "usijali".

Jambo jingine. Fundi rangi anakuja Jumatatu kwa ajili ya jikoni. Nimemwambia apake kote ila fremu ya mlango, upande wa kushoto, pale penye mistari yako na ya ndugu zako. Baba yako anasema pamechafuka, nimekataa. Ule wa chini kabisa wenye kalamu nyekundu ndio wa wiki ya safari yetu, niliuchora baada ya kurudi. Ilikuwa sentimita 98.

Begi la bluu mlilosahau hapa nimelifua, zipu ya mbele imeng'oka, nitaipeleka kwa fundi kesho. Mkilihitaji kwa safari niambie kabla ya Ijumaa, nimpe dada yako awaletee.

Mama