Andikeni na upepo: barua ya wazi kwa vijana wanaokusanya nyimbo za Amu

Wanangu,

Assalaam alaykum. Nimepata habari kwamba mmeunda kikundi, wavulana na wasichana wa Mkomani, Langoni na Shela, hapa kwetu Amu (Lamu), na kwamba mnapita nyumba kwa nyumba mkiulizia sahani za santuri na kanda za kaseti zilizolala makabatini. Wawili wenu walinijia kabla ya Ramadhani na maswali mazuri sana, lakini kifua kilikuwa kimenibana, sikuweza kuzungumza kwa kirefu. Ndiyo maana nawaandikieni nyote pamoja, tena kwa wazi, kwa kuwa Malindi, Mombasa na Unguja wako wenzenu wenye kazi kama hii.

Nianze na lililo kubwa. Mkipata kanda, msiandike jina la mwimbaji na jina la wimbo mkaona kazi imekwisha. Andikeni ilirekodiwa nyumba gani, harusi ya nani, shairi alilitunga nani, udi aliupiga nani, ngoma ya dumbaki aliishika nani. Kisha andikeni upepo uliokuwa ukivuma, kama mvua ilinyesha, na nani hakuwepo kwa sababu ya maradhi. Haya mawili ya mwisho ndiyo ambayo watu huyaacha, wakidhani si mambo ya muziki. Mimi nimejaza madaftari tangu ujana wangu, na hakuna kilichonifaa zaidi ya mistari hiyo miwili ya hali ya hewa na hali ya watu.

Mwulizeni bibi aliyekula chumvi nyingi harusi ya binti yake ilikuwa mwaka gani. Huenda asikumbuke, na si ajabu, watu wetu hawakuishi kwa tarakimu za miaka. Lakini mwulizeni ulikuwa msimu gani. Hapo hapo atawaambia: ilikuwa kaskazi, joto limeshika, majahazi yako bandarini yanapakia boriti ya kupeleka Arabuni. Basi tayari mna mengi mkononi. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, huvuma sawasawa kuanzia Desemba hadi Machi. Boriti za mikoko zilipigwa marufuku kuuzwa nje ya nchi mwaka 1982, kwa hiyo harusi hiyo ni ya kabla ya hapo. Kaseti yenyewe ilianza kutolewa duniani mwaka 1963. Mmebaki na kipindi kisichofika miaka ishirini, na jina la mpiga udi litawamalizieni kazi. Mwingine atawaambia ilikuwa mvua za El Niño, na hapo hamna haja ya kuuliza tena, hizo ni za mwishoni mwa 1997. Wazee wa zamani walihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jadi wa pwani, wapate kujua lini wapande na lini wasafiri. Kumbukumbu za watu wa pwani zimepangwa kwa upepo na mvua, na mkiulizia kwa njia hiyo mtajibiwa.

Tena sikilizeni kanda zenyewe, hali ya hewa imo ndani. Mvua juu ya makuti haisikiki kama mvua juu ya mabati, na chini ya dari ya boriti na mawe haisikiki kabisa. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma uani, kipaza sauti hutoa ngurumo ya chini inayokuja na kuondoka. Ngozi ya tari hunywa unyevu, ikalegea, sauti ikashuka. Ndiyo maana wapigaji huyapasha matari yao motoni kabla ya kuanza. Ninayo kanda moja ya harusi ambayo upande wa pili, kati ya wimbo na wimbo, mtu anaagiza makaa yaletwe, kisha unasikia vidole vikijaribu ngozi, tu, tu, tu, kila mara juu kidogo, hadi mwingine anasema "hapo". Wimbo unaofuata unang'aa. Asiyejua atasema ni kundi jingine. Ni watu wale wale, usiku ule ule wa masika, baada ya moto.

Sasa maradhi. Mwaka 2004 ninyi wengine mlikuwa bado hamjazaliwa. Mvua zilikuwa zimetupita, visima vimeshuka, kila nyumba imejaza maji katika mapipa na madumu na kuyaweka muda mrefu. Katikati ya mwaka ikatuingilia chikungunya. Wachunguzi waliokuja kupima damu za watu walikadiria kwamba karibu robo tatu ya wakazi wa mji waliambukizwa. Mbu wake ni yule anayeuma mchana, na hutaga katika maji ya nyumbani yaliyotuama. (Mabirika ya kuwekea maji ya nyumba zetu za mawe yalikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Mapipa ya plastiki hayana samaki, na hili nalisema kwa kila anayenisikiliza.) Homa yenyewe ilipita kwa siku chache, ila viungo vilibaki vikiuma wiki nyingi, na kwa wengine miezi. Mimi nilishindwa kufungua kifuniko cha chupa.

Rafiki yangu mmoja wa tangu chuoni, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa udi. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilivimba, hakuweza kubana nyuzi. Mwisho wa mwaka ule alijikaza akapiga katika harusi ya jirani, nasi tukarekodi. Katika kanda ile anapita juu juu, mahali pa haraka anapakwepa, wimbo aliouzoea kuupamba anaupiga mtupu. Mtu wa kesho akiisikia bila maelezo atasema alikuwa mpigaji wa kawaida, na atakuwa amemdhulumu maiti. Katika daftari langu, pembeni ya namba ya kanda hiyo, nimeandika mwezi, ukame, chikungunya, na vidole vipi vilikuwa vikimuuma. Ugonjwa ule ulitoka hapa ukashuka Mombasa mwishoni mwa 2004, ukafika Komoro 2005, ukaendelea kuvuka bahari. Sijui kama huko yupo aliyeandika habari za wapigaji wake. Ninyi andikeni za wenu. Fanyeni hivyo na mwaka 2020 pia, kabla watu hawajasahau kwa nini harusi zilifanywa bila ngoma na kwa nini hamna kanda za mwaka ule.

Sahani za santuri zina kasoro yao ya kuzaliwa nayo, nayo mwiandike. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa sahani ya mizunguko 78 ulibeba kama dakika tatu tu. Shairi lililokesha na watu ukumbini likakatwa lienee. Kwa hiyo mkikuta sahani, mtafuteni mzee anayejua beti zilizobaki nje. Na msimpe mwimbaji sifa ya mtunzi. Baadhi ya mashairi aliyoyaimba Juma Bhalo yalitungwa na mshairi Ahmad Nassir, na wapenzi wengi wa nyimbo hizo hawalijui hilo jina la pili. Mwimbaji Zein l'Abdin mnajivunia kwa kuwa ni mzaliwa wa Amu, ni haki yenu, lakini mngapi mnajua mashairi aliyoyaimba ni ya nani?

Kuhusu utunzaji nitasema machache, mengine tutayafanya kwa mikono. Masika msifungue masanduku. Mwezi wa Mei hewa ya Amu imejaa maji, na kila mkifunua mnaingiza unyevu mliokuwa mmeuzuia. Kazi ya kusafisha na kunakili ni ya kaskazi, asubuhi, kivulini. Msianike kitu juani, sahani hupinda na hairudi. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji na chumvi kutoka chini, basi rafu ikae mbali na ukuta kwa upana wa mkono, tena ghorofani. Sahani zisimame wima, zisilazwe kwa rundo. Zile nzito za mizunguko 78 zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa India, na spiriti huuyeyusha. Zipanguseni kwa maji safi yaliyochujwa na tone la sabuni, mkiiepusha karatasi ya katikati na maji. Sindano yake pia si ile ya sahani za plastiki, ni nene zaidi, na ukiichanganya utaharibu kimojawapo. Kanda ikianza kulia au kuacha unga wa kahawia kwenye kichwa cha redio, zimeni papo hapo. Unyevu umekwisha kuila gundi inayoshika ule unga, na kila mkiipiga mnakwangua sauti.

Mkinakili, nakili ya kuwekwa iwe WAV, biti 24, kiwango cha sampuli kilohezi 96. MP3 ni ya kusikilizia na kutumiana tu. Wekeni nakala tatu, moja iwe nje ya kisiwa. Na maelezo yafuatane na sauti kila inapokwenda, kwa jina lile lile la faili. Naona mnavyotuma vipande kwenye simu bila hata neno moja la maelezo, na vinazunguka mji mzima kwa siku moja. Jioni watu wanabishana mwimbaji ni nani. Hilo linaniuma, maana aliyewapa kanda anajua, na hamkumwuliza.

Afya zenu pia ziko chini ya amana hii. Mimi nina pumu, na daktari ameniambia waziwazi kwamba vumbi la makasha ya sahani na kuvu lake vinaniongezea. Kila nikifungua sanduku, usiku ule silali, nakaa kitako nikivuta dawa. Vaeni barakoa, fungueni madirisha, pigeni brashi kuelekea nje. Chenye kuvu kitengwe na vingine siku hiyo hiyo, kwa kuwa huambukiza. Mwenye pumu kati yenu apewe kazi ya kuhoji wazee na kuandika, asiguse masanduku. Sisemi hili kwa kuwatisha. Nasema kwa kuwa kuna vijana wawili walioanza na mimi zamani wakaacha, na kilichowatoa ni kifua.

Liko jambo moja ambalo nawaomba kwa msisitizo. Mtakuta kanda za shughuli za wanawake: vugo, lelemama, nyimbo za kumpamba biharusi. Marehemu mke wangu alirekodi nyingi, na katika maisha yake sikuzisikiliza, kwa kuwa hazikuimbwa nisikie. Waliomo ndani wengine wako hai, wengine ni nyanya zenu. Waliimba wakijua mlango umefungwa. Kanda hizo zinafaa kuhifadhiwa kama zote, huenda kuliko zote, kwa kuwa nyimbo za wanawake ndizo zinazobeba habari za mji ambazo hazikuandikwa popote. Lakini ziwe mikononi mwa wasichana wa kikundi, wao wahoji, wao waandike, na kila kanda iulizwe kwa wenyewe au kwa watoto wao kabla haijatoka nje ya sanduku. Wakisema hapana, ni hapana. Nimesikia mmoja akisema kwamba muziki ni wa wote. Hapana, mwanangu, kuna nyimbo zenye wenyewe.

Wala msiwachoshe wazee. Mzee mgonjwa hahojiwi saa tatu mfululizo huku taa ya simu ikimmulika machoni. Nendeni baada ya Alasiri, mpelekeeni kahawa, mpigieni wimbo mmoja tu, mnyamaze. Akianza kulia mwacheni alie. Akianza kusimulia habari za ngalawa iliyozama badala ya habari za fidla, mwacheni pia na muandike, mara nyingi ngalawa hiyo ilikuwa inawaleta waimbaji. Msimkatize kumrejesha kwenye swali lenu. Na mrudi tena wiki nyingine, hata kama hana jipya.

Yangu mimi nimekwisha kuyapanga. Madaftari yote nitawaachieni, na watoto wangu wamelijua hilo na wameridhia. Njooni kaskazi ikishashika, Januari, saa mbili asubuhi. Msije wote, wanne wanatosha kwa siku. Tutaanza na kanda, kwa sababu sahani zitangoja na kanda hazingoji, na tutaanza na zile za miaka ya 70, ambazo waimbaji wake wawili bado wako hai, mmoja hapa Langoni na mmoja Malindi. Huyu wa Malindi anaugua sukari na macho yamepungua, lakini masikio yake ni mazima. Mmoja wenu ajiandae kusafiri na nakala mwezi huo huo amsikilizishe. Leteni penseli, wino unasambaa kwa unyevu. Wasichana watakaa na binti yangu kwenye sanduku la mama yake, ufunguo ni wake yeye, mimi sinao.

Mzee wenu,
Lamu