Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka wa 2024

Wanachama wenzangu,

Nawasalimu nyote, mliofika na mliotuma udhuru. Hesabu za fedha zitasomwa na mhazini, nami sitamkatiza njia. Kazi yangu ni kueleza mwaka ulivyotuendea sisi wenye magari madogo ya injini ya katikati, kisha kuwaomba uamuzi mmoja ambao kamati inaona haufai kusubiri tena.

Naanza na jambo ambalo wengi wenu mnalijua ila hatujawahi kulijadili kwa uzito wake. Kanuni ya kuingiza magari nchini, inayokataza gari lililozidi miaka minane, inasonga mbele kila Januari, na kuanzia tarehe 1 Januari 2025 Shirika la Viwango la Kenya lilipokea tu gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka wa 2018 au baadaye. Toyota ilitoa MR2 ya kizazi cha pili, gari la viti viwili lenye injini nyuma ya viti, katikati ya gari, mara ya mwisho mwaka wa 1999, na MR-S iliyoirithi ikakoma 2007. Maana yake ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizi itakayoshuka tena bandarini Mombasa kwa njia ya kawaida. Zilizopo Nairobi leo ndizo tutakazokuwa nazo. Kila inayofunguliwa vipande vipande na kuuzwa vipuri imetoka, na nafasi yake haijazwi.

Zipo mpya bado, sikatai. Honda S660 ilitengenezwa hadi 2022, ina injini ya cc 658 nyuma ya viti, na vijana wanaoniuliza wanunue nini cha kwanza ndiyo ninayowaelekeza. Porsche 718 nayo ingali ndani ya muda, kwa mwenye uwezo wa kuilipia ushuru. Lakini tuseme ukweli: asilimia kubwa yetu tuko hapa kwa sababu ya MR2 na MR-S, magari ambayo mwalimu, nesi au mwenye duka aliweza kuyanunua, akaketi mbele ya injini yake na kuonja kitu ambacho kwingineko ni cha matajiri. Hilo ndilo ninalolipigania katika taarifa hii.

Kuhusu kodi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000, ilipwe pamoja na bima. Kamati ilianza kuandika maoni yetu, hasa juu ya swali la nani angeamua thamani ya gari la miaka 25. Mnajua yaliyofuata: vijana waliingia barabarani kuupinga mswada. Pendekezo hilo liliondolewa katikati ya Juni, na siku chache baadaye mswada mzima ukarudishwa bila kutiwa sahihi. Waliolipa gharama ya uamuzi huo ni vijana, wengine kwa damu yao, na sioni ni sawa kuutaja kwenye kikao kama hiki bila kusema hivyo. Maandishi yetu yako kwa katibu, iwapo kodi hiyo itarudi kwa jina jingine.

Matembezi ya Aprili tuliyaahirisha kwa sababu ya mafuriko, na ningewasihi mwaka huu pia mvua za masika zikianza muwe wagumu kidogo wa kutoka. MR2 huvuta hewa kupitia tundu lililo ubavuni, nyuma ya mlango, na si juu kama wanavyodhani wanaotutazama barabarani. Silinda ikimeza maji, pistoni hujaribu kubana kitu kisichobanika, konrodi hupinda, na injini imekwisha. Gari la mwanachama wetu mmoja lilikufa hivyo kwenye dimbwi ambalo Probox mbili zilikuwa zimelivuka mbele ya macho yake.

Sasa joto, ambalo ndilo adui wetu mkuu katika mji huu. Injini iko nyuma, redieta iko mbele, na maji husafiri urefu wa gari zima, kwenda na kurudi, ndani ya mabomba yanayopita chini ya sakafu. Hewa ikiingia humo hupata mahali pengi pa kujificha. Tuko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachotuokoa ni shinikizo linaloshikwa na kifuniko cha mfumo wa maji. Kifuniko kilicholegea, cha bei ya chakula cha mchana, kimeua hedi gasketi nyingi kuliko ajali zote tunazozijua. Na fundi mzuri aliyezoea Premio atamwaga maji, atajaza maji, atawasha, atasubiri feni ipige, atakwambia kazi imekwisha. Kwenye Premio, yenye injini na redieta zote mbele, angekuwa sahihi.

Mwezi wa Agosti tulikaa siku nzima kwenye gereji moja Kariobangi tukijifunza kutoa hewa kama kitabu cha kiwanda kinavyoagiza kwa MR2 ya kizazi cha pili. Bonneti ya mbele iko wazi. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga unachomekwa kwenye vali ya redieta, mwingine kwenye vali ya hita, na yote miwili inafungwa juu kwa kamba kwenye bonneti. Vali zinalegezwa, hita imefunguliwa hadi mwisho, kisha maji yanamiminwa kule nyuma, polepole. Fundi kijana aliyepewa kazi hiyo alikuwa amechuchumaa mbele akitazama ile mipira. Mwanzo yalipanda mapovu tu, yakakatika, yakapanda tena. Kisha maji ya kijani yakaonekana katika mpira wa kwanza, baadaye sana katika wa pili, na alipoona yamesimama usawa mmoja pande zote akainua mkono bila kusema neno. Gari hilo lilikuwa limebadilishwa themostati mara tatu na pampu ya maji mara moja. Halikuwa na ubovu wowote. Lilikuwa na hewa.

Novemba tuliteremka hadi Magadi kupitia Kiserian na Corner Baridi. Barabara ile hushuka zaidi ya mita elfu moja kabla ya kufika ziwani, na jua la kule halina huruma, kwa hiyo kupanda kurudi nyumbani ndiko kunakopima gari. Lile la Kariobangi lilipanda likiwa katikati ya msafara, mshale wa joto umetulia mahali pake. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari bora ya mwaka.

Kwenye msafara uo huo, hata hivyo, gari moja lilizunguka kwenye kona karibu na Olepolos na kuishia kwenye vumbi likitazama lilikotoka. Hakuna aliyeumia. Nalieleza kwa sababu linaweza kumpata yeyote kati yetu. Uzito ukikaa katikati, gari hugeuka upesi, na raha yake yote iko hapo. Lakini likianza kuteleza huzunguka upesi vilevile. Ukiinua mguu ghafla kwenye petroli ukiwa ndani ya kona, uzito hukimbilia mbele, tairi za nyuma hupoteza mshiko, na mkia unakupita. Punguza mwendo kabla ya kona. Ukishaingia, shikilia petroli kidogo hadi utoke. Na tulipokagua tairi za gari lile tukakuta zote nne ni za saizi moja. Toyota iliporekebisha MR2 mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliweka tairi za 195/55 mbele na 225/50 nyuma (namba ya kwanza ni upana kwa milimita), kwenye rimu za inchi 15, na upana ule wa nyuma ndio unaozuia mkia usitoroke. Muuzaji wa tairi atakushawishi ununue nne za aina moja kwa sababu ndizo alizo nazo. Mkatalie. Kama za nyuma hazipatikani, liache gari nyumbani hadi zipatikane.

Wako wanaotuambia magari haya hayakuumbwa kwa barabara za Kenya. Wazee wetu wanakumbuka Safari Rally ya 1975: Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504, lakini nyuma yake, wa pili na wa tatu, walikuwa Sandro Munari na Björn Waldegård ndani ya Lancia Stratos, gari lenye injini ya Ferrari katikati, likiwa limeinuliwa na kuimarishwa. Tope letu lilikuwa lile lile. Kilichohitajika ni watu wanaolijua gari lao.

Hapo ndipo unapotoka uamuzi tunaouomba. Vipuri vya injini si tatizo letu. Injini ya MR-S ni 1ZZ, ile ile iliyomo kwenye Allion na Wish za kizazi cha kwanza za cc 1,800, na Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri, huikosi. Tunachokosa ni vile ambavyo gari lingine halina: mabomba marefu ya maji, kebo za gia zinazotoka kwenye mkono wa gia hadi nyuma, turubai la paa la MR-S, vioo. Gari linakaa miezi juu ya mawe likisubiri kebo moja, mwenyewe anakata tamaa, anaita wanunuzi wa vipuri. Nimeshuhudia mwanachama akifanya hivyo mwaka huu na ilituuma sote, yeye kuliko sisi.

Kamati inapendekeza kwamba fedha za karamu ya Desemba 2025 zielekezwe mahali pawili: kununua kwa pamoja kebo na mabomba ya maji, yawekwe kwenye stoo moja na kuuzwa kwa wanachama kwa bei ya kununulia, na kulipia mafunzo ya mafundi wachanga watakaofundishwa na yule kijana wa Kariobangi. Pamoja na hayo, mwanachama anayetaka kuliuza gari lake au kulifungua alitangazie chama kwanza, na asubiri siku 30 kabla ya kumwita mnunuzi wa nje. Najua wapo wanaoipenda karamu, na wana haki ya kuitetea. Hoja itapigiwa kura baada ya mhazini kusoma hesabu, kwa kuinua mikono, na mwenye kebo ya gia ya ziada nyumbani aandikishe kwa katibu kabla hajaondoka leo.

Mwenyekiti,
Nairobi