Mwanangu, hilo gitaa usiliuze

Mama, shikamoo yako nimeiona, marahaba. Huku Kigoma wote wazima, mvua zimeanza na migebuka imeadimika kidogo sokoni lakini tunakula.

Mdogo wako ndo kaniambia Jumamosi unaenda Kariakoo kutafuta gitaa jingine na kwamba hili ulilonalo umeshampata mtu wa kulinunua ili uongezee hela. La kununua sina neno, unafanya kazi, hela ya kwako, na kwa unavyopiga sasa hivi una haki ya kuwa na la pili. Ila la kuuza hapana. Nakuomba mwanangu usiliuze kwanza, na huyo mteja mwambie asubiri.

Hivi nyuzi zilizoko hapo ulizifunga lini? Maana ile voisi ya wimbo wa kwaya uliyonitumia nimeisikiliza mpaka mama yako kaniambia nipunguze sauti, gumba lako linatembea vizuri mno, besi haiyumbi na nyuzi za juu zinajibu, nikamwita na jirani asikie kwamba huyu ni binti yangu. Lakini nyuzi zimekufa, mama. Jasho la vidole na upepo wa chumvi wa huko Dar vinaingia kwenye ile mizunguko ya waya wa shaba, inashika kutu na uchafu, basi hata G unayoipiga wazi kabisa inatoka kama imefunikwa blanketi. Sasa wewe na masikio yaliyozoea hiyo sauti uingie dukani ushikishwe jipya lenye nyuzi mpya, si lazima utaona la kwako takataka? Seti moja ya nyuzi haifiki hata robo ya hela unayotaka kutoa. Funga nyuzi za unene wa namba 12 kama ulivyozoea, au 11 ambazo ni nyembamba kidogo kama vidole vinauma, upige siku mbili tatu zitulie ndo uniambie kama bado unataka kuliuza. Na ukimaliza kupiga pitisha kitambaa kikavu juu ya nyuzi na chini yake, hili nimelisema tangu uko sekondari.

Unasema nyuzi ziko juu, kubonyeza kazi. Chukua rula, simama freti ya 12, yaani kile chuma cha 12 kilicholala kwenye shingo, pima kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi mnene. Ikiwa milimita 2 na nusu hivi uko sawa, ikipita 3 ndo hapo mkono unachoka. Hiyo ni hali ya hewa ya Dar, mbao inakunywa unyevu inavimba, uso wa gitaa unanyanyuka na nyuzi zinapanda nao. Watengenezaji wenyewe wanashauri gitaa likae kwenye unyevu wa asilimia 45 mpaka 55, na Dar inapita hapo siku nyingi tu, na wewe kwenye ile picha nimeliona limeegemezwa dirishani jua linalipiga! Gundi ya daraja, ule ubao mdogo unaoshika nyuzi juu ya uso, ikilainika na joto daraja linabanduka, wala hutapata wa kumlaumu. Rudisha kwenye begi lake. Halafu mpelekee fundi anayejua, kuna chuma ndani ya shingo anakigeuza kidogo tu, robo mzunguko, ikibidi anasugua kile kipande cheupe cha kwenye daraja kwa upande wa chini. Usikiguse mwenyewe kile chuma.

Kingine, umulike na tochi ya simu ukingo wa lile tundu la katikati ya gitaa. Utaona mistari ya mbao ya juu inashuka moja kwa moja mpaka upande wa ndani, maana yake uso wa gitaa lako ni ubao mmoja. Mengi yanayong'aa dukani ukiangalia hapo hapo utakuta matabaka yamegandishwa, plaiwudi. Plaiwudi inavumilia unyevu zaidi, sikatai, lakini uso wa ubao mmoja unatikisika vizuri zaidi na sauti inajaa, na kulipata tena la hivyo kwa bei niliyolipia mimi wakati ule sahau. Na kama shida ni kuchomeka kwenye spika za kanisani, pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi, inafungwa hata kwenye hilo.

Yule mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa hapo ng'ambo, Katanga ya Kongo, alirekodiwa na Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa anakusanya muziki wa Afrika, mwaka 1952, mtu mmoja na gitaa kavu moja, na mpaka leo wapigaji wanatafuta vile vidole viwili vyake vilikuwa vinafanya nini. Hata John Lennon wa Beatles, mwaka 1957 alikuwa anapiga Gallotone, gitaa la bei rahisi la kutoka Afrika Kusini, hizo hizo galatoni za wazee wetu. La kwako ni zuri kuliko hizo, mwanangu.

Jumamosi nenda nalo. Piga wimbo ule ule kwenye yote mawili, halafu mpe mwenzako apige wewe usimame mbele, kwa sababu sauti inaenda mbele, wewe uliyelikumbatia huisikii yote. Na ukinunua nunua la tofauti, dogo la kusafiri nalo au la nyuzi za nailoni. Likiwa la nailoni usije ukalifunga nyuzi za chuma, seti ya namba 12 inavuta kama kilo 70, daraja litang'oka. Nipigie video kabla hujalipa. Na simu ukiona ni yangu pokea, wiki nzima nakuita tu.

Bibi yako macho yanamsumbua, tumepewa tarehe ya kumrudisha hospitali ya Maweni. Bati la jikoni nimeshabadilisha. Dagaa na mawese nitampa mjomba wako anayekuja na treni, uwahi stesheni, mwaka jana lile dumu lilikaa mpaka likavuja. Ada ya mdogo wako imebaki kidogo, nitamalizia mwenyewe, usije ukasema unauza gitaa kwa ajili hiyo maana najua ulivyo. Mama yako anauliza dagaa akukaangie kabisa au akutumie wakavu, mjibu leo.

Baba yako