Transponda haifungwi kwa kamba ya nailoni

Kila baada ya mashindano ya motokrosi, zile mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo, Jumatatu asubuhi simu huanza: "Fundi, kile kidude ulichonifungia hakikusoma. Nimekimbia raundi zote, matokeo yaonyesha nimekosa mbili." Majuzi mteja mmoja alikuja mwenyewe hapa gereji Makupa, amefura, akisema shilingi 1,500 za kufunga kiplastiki kisichojaa kiganja ni wizi wa mchana. Tukaikagua pikipiki. Kishikio chetu kipo kwenye shoki ya mbele, kitupu. Transponda, kile kidude kinachotuma namba yake kwa wenye saa wanaopima muda wa mbio, iko chini ya kiti, imefungwa kwa kamba ya nailoni. Aliihamisha mwenyewe, ati isipigwe na matope.

Jamani, matope hayaidhuru, imezibwa kotekote. Kinachoiua ni chuma. Pale kwenye mstari wa kumalizia pamezikwa waya unaokatiza njia, na transponda ikipita juu yake namba yake inanaswa na mashine ya wenye saa. Watengenezaji wanataka isizidi sentimita 60 kutoka ardhini, na pasiwe na chuma wala kaboni katikati. Chini ya kiti umeiwekea injini, fremu na ekzosi kwa mpigo mmoja. Mara itasoma, mara haitasoma, na lawama zitarudi Makupa.

Hata ikisoma, unajiibia. Muda unaandikwa transponda inapovuka waya, si tairi. Ukiirudisha nyuma mita moja huku unakimbia kilomita 60 kwa saa, umejichelewesha kama sehemu 6 za mia za sekunde pale mwisho wa mbio. Katika motokrosi watu huweza kuachana kwa chini ya hapo.

Sasa hizo 1,500. Tunaosha kava la shoki, tunalipangusa kwa spiriti, kisha tunafunga kishikio upande usio na paipu ya breki. Halafu ndiyo kazi yenyewe: watu wawili wanaikalia pikipiki mpaka shoki iingie yote, mwingine amechuchumaa mbele na tochi anaangalia kama kishikio kinagusa madigadi au spoku. Usukani unapigwa kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Pini ya kufungia tunaifunga na uzi wake, maana vijana wa kuosha pikipiki kwa presha wameshatupotezea nyingi. Ukiona nusu saa ya kazi hiyo ni nyingi, kamba ya nailoni inauzwa duka la jirani.

Zile za kuunganishwa na betri zina kisa chao. Hewa ya chumvi ya Mombasa haisamehi waya uliosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Ukiufungua baada ya msimu mmoja wa mvua unakuta unga wa kijani. Sisi tunalehemu, tunavisha mpira, tunapaka grisi kwenye vichwa vya betri.

Na kuazimana, mwaka jana ndugu wawili wa Nyali walitufurahisha. Mkubwa alishindana Jamhuri Park, Nairobi, akitumia transponda ya mdogo wake bila kuwaambia wenye saa. Matokeo yakatoka: mdogo, aliyekuwa kwao Mombasa, amemaliza vizuri, mkubwa hakuanza kabisa. Namba ni ya transponda, haijui nani yuko juu ya kiti. Kama lazima uazime, waambie mezani kabla ya mazoezi.

Ukinunua ya mkono wa pili mtandaoni, uliza usajili kwanza. Modeli mpya za MYLAPS, kampuni inayotengeneza transponda, zinaweza kuwa na usajili wa kulipia wenye mwisho wake, na ukikwisha hata chaji kamili haikusaidii. Tumeletewa moja iliyonunuliwa "bei ya kutupa" na mwenyewe akaja kulipa mara ya pili.

Jambo la mwisho, zile za chaji zinahitaji karibu saa 16 kujaa. Ukituletea iliyokufa Ijumaa jioni na gari la Nairobi linaondoka alfajiri, tutakufungia kishikio tu.