Barua ya wazi kwa vijana wa sheria wa Dodoma: majina ya wafanyabiashara wetu yanahitaji mawakili

Wanangu mnaosoma sheria hapa Dodoma, na ninyi mliohitimu Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo mkarudi nyumbani kusubiri kuapishwa, nawasalimu.

Nawasikia mkisema kwamba miliki bunifu, yaani haki za kisheria juu ya ubunifu, majina na nembo, ni kazi ya Dar es Salaam, ya ofisi za ghorofani zinazohudumia kampuni za nje. Nimefanya uwakili mpaka nikastaafu, sehemu kubwa ikiwa kazi ya alama za biashara, yaani majina na nembo zinazotambulisha bidhaa za mtu sokoni, na siwezi kuliacha neno hilo lipite. Mtu anayemhitaji zaidi wakili wa alama za biashara yuko Kizota, yuko Kibaigwa, yuko Hombolo na Manyoni. Tena anamhitaji kabla hajagombana na mtu yeyote.

Nitawasimulia habari ya mteja mmoja, na nitaisimulia polepole kwa sababu mtakutana na wenzake wengi.

Mama mmoja mkamuaji wa alizeti aliletwa kwangu na mwanawe. Aliweka mezani dumu la mafuta la lita tano lenye lebo yake, na pembeni akaweka hati ya BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, iliyofunikwa plastiki isichakae. Kiwanda kingine kilikuwa kimeanza kuuza mafuta kwa jina lilelile, rangi zilezile, hadi ua la alizeti limeinamia upande uleule, na kilikuwa kimeomba kusajili alama hiyo. Mama akaniambia, "Wakili, jina ni langu, hati hiyo hapo." Nikaisoma. Ilikuwa hati ya usajili wa jina la biashara, chini ya Sura ya 213 ya sheria za Tanzania. Hati ile inaeleza nani anafanya biashara kwa jina fulani, basi. Haimpi mtu nguvu ya kumzuia mwenzake asilibandike jina hilo kwenye dumu la mafuta. Nguvu hiyo inatoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, Sura ya 326, ambayo ina maombi yake na ada zake. Ofisi ni ileile ya BRELA na mfumo wa mtandaoni ni uleule, kwa hiyo watu wanachanganya, na hawana kosa. Hakuna aliyewaeleza.

Heri yake ni kwamba ombi la mshindani lilikuwa limetangazwa karibuni kwenye jarida la Msajili wa alama za biashara. Sheria inatoa siku 60 tangu tangazo litoke kwa yeyote mwenye pingamizi kulileta. Muda ulikuwapo, mchache. Kazi iliyofuata ilikuwa kukaa chini na boksi la viatu lililojaa karatasi: vitabu vya risiti vya zamani, risiti za mashine ya kodi (EFD), oda za maduka ya Soko la Majengo, ankara ya mchapaji wa lebo za kwanza kabisa, picha za simu zenye tarehe. Kila karatasi tuliiuliza maswali mawili. Je, inaonyesha nani alitangulia kulitumia jina hili sokoni? Je, inaonyesha kwamba wanunuzi wakiliona jina hili wanamfikiria mama huyu? Iliyojibu tuliiambatisha kwenye hati ya kiapo, isiyojibu tukaiweka kando. Mwombaji alipousoma ushahidi ule aliondoa ombi lake mwenyewe. Ndugu zangu, kijana anayeona kinyaa kufungua boksi kama lile aende kwenye tawi jingine la sheria. Utetezi wa mama yule wote ulikuwa mle ndani.

Baada ya hapo tukaomba usajili wa kwake, na hapa ndipo naona wengi wenu mnapita harakaharaka. Uainishaji wa Nice, mpangilio wa kimataifa unaogawa bidhaa na huduma ili alama isajiliwe kwa kundi lake, una madaraja 45, yaani 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Mafuta ya kula yako daraja la 29. Lakini mama yule alikuwa anauza pia mashudu kwa wafugaji, nayo ni daraja la 31, na alikuwa anawakamulia wakulima alizeti zao kwa malipo, ambayo ni huduma ya daraja la 40. Zabibu zetu nazo zina mambo. Zabibu mbichi ni 31, zabibu kavu 29, siki 30, juisi 32, mvinyo 33. Mkulima wa Hombolo akija na kusema "nisajilie jina la zabibu zangu", hajakwambia kitu bado. Muulize anauza nini leo, anamuuzia nani, na akijaliwa anataka kuuza nini miaka michache ijayo. Kila daraja lina gharama yake. Usimjazie madaraja ili bili yako inenepe, wala usimbanie hadi mvinyo wake ubaki nje ya usajili.

Kuna jambo linaloniuma zaidi hapa kanda ya kati, nalo ni majina tunayoyachagua. Kila anayeanza anataka neno Dodoma, neno Singida, alizeti safi, asali asilia. Jina linaloitaja bidhaa yenyewe au mahali inakotoka ni dhaifu, na ni haki liwe dhaifu, kwa kuwa kila mfugaji wa nyuki wa Manyoni anastahili kusema asali yake ni ya Manyoni. Msajili analitazama jina kama hilo kwa shaka, na hata likipita, mwenye nalo hawezi kuwazuia majirani kusema ukweli kuhusu bidhaa zao. Mteja lazima ayasikie haya kwako kabla hajalipia lebo elfu kadhaa. Mwambie atafute jina lisiloeleza chochote kuhusu bidhaa, ulitafute kwenye daftari la Msajili kama halijachukuliwa, tena uangalie na yanayokaribiana nalo kwa sauti, maana mnunuzi wa gengeni anaagiza kwa mdomo. Atanung'unika kwamba jina hilo halitauza. Mvumilie, mweleze tena.

Wekeni daftari la tarehe. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, na ukihuishwa unadumu miaka 10 kila mara. Alama iliyosajiliwa kwa ombi la mwaka 2019 inatakiwa kuhuishwa mwaka 2026, kisha 2036. Mteja atasahau, hiyo ni kawaida, ana mashine ya kukarabati na watoto wa kusomesha. Kukumbuka ni kazi aliyokulipia wewe. Na mipaka msiisahau: usajili wa BRELA unaishia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na ofisi yake, BPRA, hivyo mvinyo wa Dodoma unaopelekwa kwenye hoteli za Unguja unahitaji usajili wa huko. Unga unaovuka kwenda Kenya, vivyo hivyo, unahitaji usajili wa Kenya.

Kuhusu mahakama nitasema machache. Shauri la kuingilia alama linamtaka mdai awe amesajili. Asiyesajili anabaki na dai la mtu kuuza bidhaa zake kana kwamba ni za mwenzake, ambalo ni gumu na la gharama. Bidhaa bandia zina njia nyingine, kupitia Tume ya Ushindani na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mtazisoma zote, nazo ni muhimu, ila mkifanya kazi ya mwanzo vizuri wateja wenu wengi hawatazihitaji.

Atakuja mtu ofisini na kopo la mwenzake mkononi akuambie, "Nitafutie jina linalokaribia hili, ila nisikamatwe." Mkatalie siku hiyohiyo, hata kama kodi ya pango imefika. Dodoma ni mji ambao mwenye kopo lile atakuwa mteja wako kesho, au mke wake anasali na mama yako. Msichukue pia washindani wawili wa bidhaa moja. Na msizunguke sokoni mkinadi huduma zenu, maadili ya uwakili hayaruhusu. Kualikwa na kikundi cha wajasiriamali ukatoa elimu bila kuomba kazi ni jambo jingine, na wanahitaji sana.

Nawaambia pia ukweli kuhusu riziki. Miaka ya mwanzo mtaishi kwa mirathi, ardhi na mikataba, huku alama za biashara zikiingia moja moja. Zifanyeni hizo kazi kwa heshima. Mwenye mirathi leo ana duka, na duka lina jina. Wakati huo endeleeni kusoma. Akademia ya WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, ina kozi ya awali ya mtandaoni isiyo na ada, anzeni na hiyo hata kabla ya kumaliza shahada. Atakayetaka kuzama zaidi, Africa University ya Mutare, Zimbabwe, inafundisha shahada ya uzamili ya miliki bunifu tangu 2008. Na ushauri wenu kwa mteja uandikeni kwa Kiswahili, kikamilifu, pamoja na hatari zote. Mama mwenye alizeti asihitaji mtu wa kumsomea barua ya wakili wake.

Mwezi wa nane maonyesho ya Nane Nane yatakuwa Nzuguni kama kawaida, na wakamuaji, wasindikaji na wafuga nyuki wa Dodoma na Singida watakuwa pale na lebo zao. Nitakuwa nazunguka mabandani nikiongea nao kuhusu usajili. Njooni, hata wawili watatu, na madaftari. Kusikiliza maswali yao ndiyo sehemu ya kazi ambayo chuo hakiwezi kuwapa.

Mzee wenu, wakili mstaafu,
Dodoma